Mwongozo kamili: jinsi ya kumuuliza mtoto wa miaka 3 hadi 6 ili ujue anavyofikiri, anavyopima kosa na anavyoishi na wenzake

Mwongozo huu ni wa walimu wa darasa la awali, wanafunzi wa ualimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, na wazazi wanaotaka kuelewa kinachoendelea kichwani mwa mtoto. Kazi yenyewe inaonekana ndogo: kukaa na mtoto, kumwonyesha vitu vichache, kumuuliza na kuandika jibu. Hata hivyo, daftari nyingi ninazopitia hurudi na sentensi moja tu, "mtoto hajaelewa", na ninapotaka kujua swali liliulizwaje, mara nyingi hubainika kwamba mtoto alielewa vizuri sana: alielewa kuwa mtu mzima hakuridhika na jibu lake, kwa hiyo akalibadilisha.

Karibu kila hatua hapa chini inalenga kuzuia jambo hilo moja, yaani mtu mzima kutoa jibu kwa sauti, kwa macho, au kwa kurudia swali.

Vifaa vinavyohitajika

- Vizibo 12 vya soda, 6 vya rangi moja na 6 vya rangi nyingine.
- Glasi 2 zinazolingana kabisa, jagi la maji, na chombo kimoja kirefu na chembamba kinachoonyesha maji yaliyomo. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo inatosha, ilimradi ukingo wake umefunikwa kwa utepe wa gundi ili usimkate mtoto.
- Vikaragosi 2 vya soksi vyenye rangi tofauti. Si lazima vipendeze.
- Kikapu kidogo chenye mfuniko, bakuli lenye kawa, na embe moja dogo.
- Vikombe 7 vya udongo au vya karatasi, kwa ajili ya hadithi.
- Mkeka, daftari na kalamu. Simu ya kurekodi sauti inasaidia sana, lakini kwa idhini ya mzazi tu.

Usitumie kopo la siagi au la biskuti kwa jaribio lolote linalotegemea mtoto aamini kwamba kilicho ndani ndicho kilichoandikwa nje. Katika nyumba zetu kopo la siagi huwa na chumvi, vifungo au pesa za maziwa, na mtoto anayejibu "vifungo" amesema kweli kama anavyoijua.

Kabla ya kuanza

Omba idhini ya mzazi au mlezi na umweleze kwamba huu si mtihani, wala si uchunguzi wa ugonjwa. Katika daftari tumia herufi moja badala ya jina la mtoto.

Andika umri kwa miaka na miezi, kwa mfano "miaka 4 na miezi 7". Kuandika "miaka 4" pekee hakutoshi, kwa sababu katika baadhi ya majaribio haya mtoto wa miaka 4 kamili na yule anayekaribia miaka 5 hujibu kama watoto wa rika mbili tofauti.

Chagua saa ambayo mtoto ameshakula na hajachoka. Kila kikao kisizidi dakika 15, na majaribio yote yagawanywe katika siku tatu. Tumia lugha ambayo mtoto huitumia nyumbani. Kama nyumbani wanazungumza Kisukuma au Kidigo na wewe huijui, mtafute mtu anayeijua na umfundishe maswali neno kwa neno.

Hatua ya 1: Safisha maswali yako

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu zote zinazofuata. Maneno matatu ya Kiswahili yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni "sawa". Neno hili lina maana ya kulingana, lakini pia ndilo neno la kukubali. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimuuliza mtoto wa miaka 5, "Maji ni sawa?" Akajibu "sawa", kisha akanyoosha mikono miwili kungoja apewe glasi anywe. Niliandika kwamba amejibu vema. Uliza badala yake: "Glasi hii ina maji mengi zaidi, au hii ina mengi zaidi, au yamelingana?" Swali ni refu, lakini linampa mtoto njia tatu zenye uzito mmoja.

La pili ni "kudhani". Kwa masikio ya Kiswahili, anayedhani huenda amekosea, kwa hiyo katika mchezo wa Hatua ya 5, ambapo embe la karagosi Chausiku linahamishwa asipokuwepo, swali "Chausiku anadhani embe liko wapi?" tayari limemdokezea mtoto kwamba Chausiku hana habari kamili. Uliza kuhusu tendo: "Atalitafuta wapi?"

La tatu ni "mbaya". Mtoto mdogo hulitumia kwa sura, kwa chakula kisicho kitamu na kwa mtu asiyempenda. Kwa mambo ya mema na mabaya tumia "amekosea", na ukitaka kulinganisha, "nani amekosea zaidi?"

Utajua hatua imekamilika ukiweza kusoma maswali yako yote kwa sauti moja, mbele ya mwenzako, naye akashindwa kukisia jibu unalolitaka.

Hatua ya 2: Mpe mtoto mtu wa kumsahihisha

Mtoto aliyelelewa kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo hawezi kirahisi kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Pia anajua, kama watoto wote, kwamba mtu mzima anayeuliza kitu kilicho mbele ya macho yake lazima ana sababu nyingine ya kuuliza.

Kaeni wote kwenye mkeka, macho yenu yawe kimo kimoja. Mtoe karagosi na useme: "Huyu bado mdogo, hajui mambo mengi. Akikosea, mwambie." Kisha karagosi ahesabu vidole vyake na kuruka kimoja, au auite mkeka meza.

Mafanikio ni mtoto kucheka na kumsahihisha bila kukutazama wewe kwanza. Akikutazama kila mara kabla ya kusema, endelea na michezo ya namna hii au ahirisha mpaka kesho. Kuendelea na mtoto ambaye bado anakuogopa ni kupoteza vizibo vyako.

Hatua ya 3: Safu mbili za vizibo

Panga safu mbili zenye vizibo 6 kila moja, vikitazamana kimoja kwa kimoja. Mwache mtoto aviguse. Mtoto akishaona kwamba vinalingana, sogeza vya safu moja viachane ili safu iwe ndefu, kisha uliza swali la njia tatu.

Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake nyingi mjini Geneva, aliona kwamba watoto wengi walio chini ya miaka 6 au 7 husema safu ndefu ina vingi zaidi. Hilo utaliona hata wewe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba namna ya kuuliza huchangia sehemu kubwa ya kosa hilo.

Katika utaratibu wa kawaida mtoto huulizwa swali lilelile mara mbili, kabla na baada ya vizibo kusogezwa. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba watoto wakiulizwa mara moja tu, baada ya mabadiliko, hukosea mara chache zaidi. Mwaka huohuo James McGarrigle na Margaret Donaldson walichapisha jaribio ambalo safu ilivurugwa na mwanasesere mtundu badala ya mtafiti. Zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 4 hadi 6 walijibu vizuri, ilhali safu iliposogezwa na mtu mzima ni wachache tu waliojibu hivyo. Watoto ni walewale na vitu ni vilevile. Kilichobadilika ni kama kuna mkubwa aliyefanya jambo kwa makusudi mbele yao.

Kwa hiyo fanya mara mbili, kwa siku tofauti. Siku ya kwanza sogeza kwa mkono wako. Siku nyingine karagosi aingie kwa fujo, avuruge safu, nawe useme "Ah, huyu!" kisha uulize. Andika majibu yote mawili, kwa kuwa tofauti kati yake ndiyo habari yenyewe.

Onyo: usirudie swali. Mtoto akinyamaza, hesabu moyoni mpaka 10. Kimya cha sekunde 10 ni kirefu mno kwa mwalimu na ni kifupi mno kwa mtoto wa miaka 4. Akiendelea kunyamaza, sema "Hebu tuangalie tena" na uviguse vizibo, bila kuuliza.

Hatua ya 4: Maji

Jaza glasi mbili mpaka mtoto mwenyewe aseme yamelingana. Mwache aongeze au apunguze kwa kijiko. Mimina moja kwenye chombo kirefu, kisha uliza swali la njia tatu, mara moja tu bila kurudia.

Jaribio hili ni gumu kuliko la vizibo, kwa hiyo usishangae mtoto aliyefaulu la kwanza akikwama hapa. Uliza "Kwa nini?" kwa kila jibu, hata lililo zuri. "Kwa sababu umeyamimina tu" na "kwa sababu mwalimu alisema" yanaweza kufuata jibu lilelile, lakini yanatoka kwenye fikra tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Embe lililohamishwa

Hapa tunataka kujua kama mtoto anatambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo yeye mtoto anajua si kweli. Toleo la kwanza la jaribio hili, lililohusu mvulana na chokoleti yake, lilichapishwa na Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983.

Cheza hivi. Chausiku (karagosi wa kwanza) anaweka embe kikapuni, anafunika, anaenda kuteka maji. Mfiche nyuma ya mgongo wako, asionekane kabisa. Juma (karagosi wa pili) anaona sisimizi wakikaribia kikapu, analitoa embe, analiweka kwenye bakuli na kulifunika kwa kawa. Sisimizi si pambo. Bila wao, watoto wengi huanza kusema "Juma mwizi", na jaribio la fikra linageuka kuwa kesi.

Chausiku anarudi. Sema: "Chausiku anataka embe lake. Atalitafuta wapi kwanza?" Neno "kwanza" lisikosekane, kwa sababu bila hilo mtoto anaweza kuelewa kwamba unauliza Chausiku atalipata wapi mwishoni.

Baada ya jibu, uliza maswali matatu ya kuhakiki: "Embe liko wapi sasa?", "Mwanzoni Chausiku aliliweka wapi?" na "Chausiku alimwona Juma?" Mtoto akikosea mojawapo, tatizo linaweza kuwa kumbukumbu au usikivu. Usihesabu jibu la kwanza. Rudia mchezo siku nyingine.

Watoto wengi wa miaka 3 husema "bakulini", pale lilipo kweli. Kati ya miaka 4 na 5 wengi huanza kusema "kikapuni". Jambo hili halihusu Ulaya pekee. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha jaribio lililofanywa na watoto wa jamii ya Baka wa kusini-mashariki mwa Kamerun, ambapo mtu mzima alipika kokwa za maembe pori, akatoka kidogo, na mtoto akaombwa azihamishe kutoka kwenye chombo alimoziacha. Wengi wa watoto wakubwa walitabiri kwamba mpishi akirudi ataenda kwenye chombo kilekile.

Angalia kwamba huko mtoto ndiye aliyehamisha, kwa mkono wake. Ukiona mtoto hajali vikaragosi, fuata njia hiyo: mwombe mwenzako aweke embe na atoke nje, kisha mtoto alihamishe yeye mwenyewe.

Onyo la macho: karibu kila mtu hutazama kikapu anapouliza swali. Mtazame mtoto puani.

Onyo jingine: kushindwa jaribio hili hakumaanishi kwamba mtoto ana usonji au ulemavu wowote. Mtoto asiyeitika jina lake, asiyetazamana na watu au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe kliniki, iwe embe amelipatia au hakulipatia.

Hatua ya 6: Vikombe vilivyovunjika

Piaget alichapisha mwaka 1932 hadithi mbili alizowasimulia watoto: mmoja aliyefungua mlango na kuvunja vikombe 15 bila kujua kwamba viko nyuma yake, na mwingine aliyevunja kikombe 1 akichukua jemu kwa siri. Watoto wadogo walielekea kumhukumu zaidi yule wa vikombe 15, na wakubwa wakaitazama nia.

Tengeneza hadithi zako kwa vitu vya nyumbani. Asha ameitwa na mama kula, anafungua mlango, sinia lililokuwa nyuma yake linaanguka na vikombe 6 vinavunjika. Rehema amekatazwa sukari, mama akitoka anapanda kigoda aichukue, kikombe 1 kinaanguka na kuvunjika. Pindua vikombe halisi mbele ya mtoto, kwa sababu idadi isiyoonekana husahaulika.

Mwombe kwanza azisimulie hadithi zote mbili kwa maneno yake. Akiwa hawezi, hujafika kwenye swali. Kisha: "Nani amekosea zaidi? Kwa nini?"

Badilisha mpangilio kati ya mtoto na mtoto, leo Asha aanze na kesho Rehema aanze, kwa kuwa watoto wadogo hupenda kumtaja wa mwisho aliyesikika.

Siku nyingine rudia hadithi ukiwa umesawazisha hasara, kikombe 1 kwa kikombe 1. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata watoto wa miaka 3 na 4 wanaweza kuzingatia nia pale hasara zinapolingana na nia inaposemwa waziwazi. Kwa maneno mengine, nia wanaiona. Rundo la vigae ndilo linaloifunika.

Nina neno moja hapa kwa wazazi. Katika nyumba ambayo kuvunja kikombe ni viboko bila kuuliza kilivunjikaje, mtoto akijibu "Asha, kwa sababu vingi", ametoa ripoti sahihi ya sheria za nyumba ile. Tenganisha basi maswali mawili: "Mama yao angefanya nini?" na "Wewe mwenyewe unaonaje?" Nimeona watoto wakijibu maswali haya mawili kwa namna tofauti, na jibu la pili ndilo lenye kufaa kuandikwa kwa wino mzito.

Mfano wa maandishi yanayofaa ni huu: "M, miaka 5 na miezi 2. Akasema: Asha. (Kimya, akagusa vigae.) Lakini huyu alipanda. Aliambiwa asipande. Swali halikurudiwa." Mfano usiofaa ni "M bado hajui nia."

Hatua ya 7: Je, mwalimu akiruhusu?

Hatua hii inapima kama mtoto anatenganisha kumuumiza mtu na kuvunja utaratibu tu. Uliza jozi mbili: "Kumpiga mwenzako ni kosa? Na mwalimu akisema leo ruhusa kupiga, bado ni kosa?" Kisha: "Kukaa bila kupanga mstari ni kosa? Na mwalimu akisema leo hakuna mstari?"

Judith Smetana alionyesha mwaka 1981 kwamba watoto wa shule ya awali tayari huelekea kuona kuumiza kuwa kosa hata pasipokuwa na kanuni inayokataza, na hulegeza zaidi msimamo wao kwenye taratibu.

Chagua taratibu zisizo na uzito wa dini. Kula kwa mkono wa kushoto kunaonekana mfano mzuri mpaka umuulize mtoto wa madrasa, naye akujibu, kwa haki kabisa, kwamba mwalimu hana mamlaka ya kuruhusu jambo hilo.

Hatua ya 8: Mtazame akicheza

Kaa kando ya uwanja kwa dakika 10 bila kuingilia. Kila baada ya dakika 1 andika mtoto yuko wapi, na nani, na anafanya nini. Unaweza kutumia mgawanyo wa Mildred Parten wa mwaka 1932: anatazama tu, anacheza peke yake, anacheza kando ya mwenzake na vitu vilevile bila kushirikiana, anacheza na wenzake bila mpango, au wamegawana kazi kwa lengo moja.

Mgawanyo huo si ngazi. Mtoto wa miaka 5 anayejenga nyumba ya mchanga peke yake anaweza kuwa anafanya kazi kubwa kuliko wanaokimbizana. Sikiliza hasa mchezo wa kombolela au wa kupika unapovunjika, kwa sababu katika ugomvi wa nani awe mama na nani awe mgeni, utasikia hoja za haki ambazo hukuzipata kwa vikombe.

Andika maneno na matendo: "alimpokonya kifuu, akakirudisha mwenzake alipolia". Neno "mkorofi" halina nafasi kwenye daftari.

Hatua ya 9: Soma daftari kabla ya kuamua chochote

Weka majaribio yote ya mtoto mmoja pamoja, na usiyajumlishe kuwa alama. Mtoto mmoja anaweza kujibu embe vizuri, maji vibaya, na vikombe kwa namna mbili. Ukuaji hauendi kwa safu iliyonyooka.

Kwa kila jibu ambalo hukulitarajia, rudi kwenye rekodi ya sauti na usikilize sauti yako wewe. Je, swali lilirudiwa? Ulisema "eeh?" kwa mshangao? Ulisema "vizuri!" baada ya jibu moja na kunyamaza baada ya jingine? Jibu lolote lililofuata mojawapo ya haya lipigwe mstari na lirudiwe siku nyingine kwa vitu tofauti: mbegu badala ya vizibo, pera badala ya embe.

Panga kikao kijacho baada ya miezi 3 au 4, na usimwambie mtoto kwamba alikosea. Akiuliza mwenyewe, mpe vizibo avipange na akueleze.